Hana Ushirikiano

Nilifanya kazi kwa miaka 11 katika shirika la huduma za jamii lililotoa makazi ya muda, ushauri nasaha na misaada ya dharura kwa watu waliokwama kimaisha. Nilianzia dirisha la mapokezi, nikapandishwa kuwa afisa wa majalada, na miaka minne ya mwisho nilikuwa mratibu wa huduma. Wenzangu wa kazi hii wameniuliza mara nyingi jinsi wateja wetu walivyofika kwenye vikao vya maamuzi, na kila mara najikuta naanza kujibu si kwa katiba wala kwa kamati, bali kwa jalada la mama mmoja ambaye nusura nimharibie maisha kwa maneno mawili.

Mwongozo wa shirika ulikuwa na kifungu kilichompa mteja haki ya kusoma jalada lake. Kifungu hicho kilikuwapo tangu kabla sijaajiriwa, na katika miaka yangu sita ya mwanzo sikumwona mteja hata mmoja akikitumia, kwa kuwa hatukuwa tumemwambia yeyote kwamba kipo. Mama huyo alikiona kwa bahati, kwenye nakala ya mwongozo iliyosahauliwa juu ya meza ya chumba cha ushauri alipokuwa akinisubiri, na nilipoingia alisema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kujiandaa kukataliwa, kwamba angependa kusoma yaliyoandikwa juu yake. Nilimpa. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, nami nikijifanya nimeshughulika na kompyuta. Kwenye ukurasa wa nne kidole kikasimama. Akasoma kwa sauti: “Hana ushirikiano.” Chini yake palikuwa na tarehe na sahihi yangu. Akainua macho, akaniuliza bila hasira yoyote, “Ushirikiano na nani, mwanangu?”

Nilikuwa na maelezo, lakini jibu sikuwa nalo. Alikosa miadi mitatu mfululizo, na fomu yetu ilikuwa na kisanduku cha kutia alama kwa mteja wa namna hiyo. Ndipo aliponieleza kwamba miadi yote mitatu ilipangwa saa tatu asubuhi, saa ambayo alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye kazi ya usiku. Kwamba alikwenda mapokezi mara mbili kuomba apangiwe alasiri. Na kwamba mara zote mbili alijibiwa kuwa ratiba haibadiliki. Hayo yote hayakuingia jaladani hata kwa neno moja. Jalada lilikuwa na kurasa 31, zilizojaa tuliyoyaona sisi, tuliyoyashuku sisi na tuliyoyapendekeza sisi, na ndani yake hamkuwa na sentensi hata moja aliyoitunga yeye. Kibaya zaidi, maombi yake ya kuongezewa muda wa makazi yalikuwa yameahirishwa na kamati ya tathmini, na nilipokwenda kutafuta sababu kwenye kumbukumbu nilikuta maneno yangu mawili yamenukuliwa kama yalivyo. Watu watano ambao hawajawahi kumwona waliyaamini kwa sababu yalikuwa yameandikwa na mtu anayelipwa kuandika.

Tulirekebisha jambo lake, ingawa kwa kuchelewa, na kutokana nalo tukaanzisha utaratibu mdogo ambao hadi leo nauona kuwa wa maana kuliko mikutano mingi niliyoiitisha baadaye. Kila jalada liliongezewa kurasa tupu mwishoni, za mteja mwenyewe, ambamo angeweza kuandika au kumwomba mtu amwandikie lolote alilotaka msomaji wa jalada alijue, na mfanyakazi hakuruhusiwa kugusa hata nukta. Kila baada ya miezi mitatu mteja alikaribishwa kusoma jalada zima. Wengine hawakuandika kitu. Mzee mmoja aliandika mstari mmoja tu, kwamba yeye ni fundi seremala na jambo hilo halijaandikwa popote, na kweli tulikuwa tumemhudumia miezi minane bila mtu kuuliza alikuwa anafanya kazi gani kabla ya kukosa kazi.

Nilichokuwa sikukitarajia ni mabadiliko ya lugha yetu sisi wafanyakazi. Ukijua kwamba mtu atayasoma unayoyaandika, akiwa ameketi mbele yako, huandiki tena kuwa yeye ni mlevi. Unaandika kwamba siku fulani, saa fulani, alifika akinuka pombe, kisha unajikuta unalazimika kuandika pia alichokwambia ulipomuuliza. Hukumu zikawa maelezo. Baadhi ya wenzangu walilalamika kwamba kazi imekuwa ndefu, na walisema kweli, maana kuhukumu huchukua muda mfupi kuliko kueleza.

Hapa niseme kidogo juu ya majina tunayowaita watu hawa, kwani lugha yetu ina mambo yake. Kwenye ripoti tuliwaita walengwa. Neno hilo linatokana na kulenga, na anayelengwa ni kama shabaha: kazi yake ni kusimama palepale mpaka kilichorushwa kimfikie. Baadaye likaja neno wanufaika, ambalo linatangaza kwamba mtu amenufaika kabla hata hajaulizwa kama amenufaika. Mteja lina afadhali, ingawa linamfanya mtu aonekane kana kwamba angeweza kuhamia duka la jirani, na wengi wao hawakuwa na pa kuhamia. Mabishano ya namna hii si ya kupoteza wakati kama watu wa vitendo wanavyodhani. Watu wenye UKIMWI waliokutana Denver, Marekani, mwaka 1983 walianza tamko lao kwa kukataa kuitwa wahanga, wakataka waitwe watu wenye UKIMWI, na katika tamko hilohilo wakadai kushirikishwa katika kila ngazi ya maamuzi, zikiwamo bodi za mashirika yanayowahudumia. Jina na kiti waliviomba kwa pumzi moja. Nitaendelea kutumia neno mteja humu kwa kuwa ndilo wateja wetu wenyewe walilolichagua walipoulizwa, wengi wao wakisema kwamba mteja angalau anaruhusiwa kulalamika.

Kamati ilikuja mwaka uliofuata, na sitaki kujisifu: ilitokana na sharti la mfadhili, aliyetaka kuona ushirikishwaji katika uendeshaji wa shirika. Kamati yetu ya uendeshaji ilikuwa na wajumbe tisa. Tukaamua viwili kati ya viti hivyo viwe vya wateja, na tukawachagua wenyewe, kwa mazungumzo ya robo saa ofisini, tukitafuta watu tuliowaita “waelewa”. Mwelewa, kwa maana tuliyoitumia siku ile bila kuisema, ni mtu mwenye shukrani, anayefika kwa wakati na asiyependa ubishi. Tukawapata, bibi mmoja wa makamo na kijana mmoja, na kwa mwaka mzima walihudhuria vikao vyote bila kukosa, wakaketi kwenye pembe ya meza iliyo karibu na mlango, na sisi tukaandika kwenye ripoti kwamba wateja wanawakilishwa.

Nilikuja kushtuka siku nilipokuwa nikipitia mihutasari ya mwaka kwa ajili ya ukaguzi. Kila mjumbe alipozungumza, mhutasari ulieleza alichosema: mhasibu alishauri matumizi ya mafuta yapunguzwe, mwenyekiti aliagiza mkataba upitiwe upya. Kwa wale wawili, mihutasari sita ilirudia sentensi ileile moja, “Wawakilishi wa wateja walitoa maoni.” Maoni gani? Sikukumbuka, na mimi ndiye niliyekuwa katibu.

Nikamwendea yule bibi, si ofisini bali kwenye benchi la mapokezi alikokuwa akisubiri huduma kama watu wengine, nikamuuliza kwa nini hazungumzi sana kikaoni. Aliniangalia kama mtu anayepima kama swali ni la kweli. Kisha akanieleza, na yale aliyoyaeleza siyo niliyoyadhani. Mimi nilidhani anaogopa watu wenye elimu. Yeye alisema makabrasha huwafikia jioni ya kuamkia kikao, wakati wengine wanayo tangu wiki iliyopita. Kwamba kikao huwa saa nne asubuhi, na kwa kuhudhuria yeye hupoteza kibarua cha siku nzima ilhali sisi wengine tunalipwa kwa kukaa pale pale. Kwamba mambo mengi yanayoletwa kikaoni yanaonekana yamekwisha kuamuliwa, kwa sababu watu huyazungumza kwa ufupi na kwa kutaniana, kama wanaokumbushana. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema kwamba mwezi ujao jalada lake linajadiliwa na kamati ya tathmini, na mwenyekiti wa kamati hiyo anakaa naye meza moja kwenye kikao. “Sasa mimi nimkosoe asubuhi, halafu alasiri anipangie nitalala wapi?”

Hofu hiyo ndiyo kiini cha jambo zima, na nimeona mashirika mengi yakiiruka. Tunapanga mafunzo ya kujiamini kwa wateja kana kwamba kasoro iko vifuani mwao, ilhali wao wamepiga hesabu sahihi kabisa: mtu anayetegemea mkono wa mwingine kwa malazi yake hana uhuru wa kuukosoa mkono huo hadharani, hata mwenye mkono awe mpole kiasi gani. Upole wa afisa si kinga, kwa sababu afisa huhamishwa, hukasirika, husahau. Kinga ni kanuni. Tuliandika kanuni tatu. Mjumbe wa kamati yeyote asishiriki kuamua jalada la mjumbe mwenzake aliye mteja; jalada hilo lipelekwe kwa shirika rafiki lifanyiwe tathmini huko. Huduma ya mjumbe isipunguzwe wala kusitishwa wakati wa ujumbe wake na miezi sita baada yake bila sababu iliyoandikwa na kupitiwa na mtu wa nje. Na mjumbe mteja alipwe posho ileile anayolipwa mjumbe kutoka nje ya shirika, pamoja na nauli na gharama ya kumwachia mtu watoto. Hii ya posho ndiyo iliyopingwa sana. Mjumbe mmoja wa bodi alisema kuwalipa kutawaharibia moyo wa kujitolea, akasahau kwamba bahasha yake mwenyewe haikuwa imemharibia.

Katika siku hizo nilirudia maandishi niliyoyasoma chuoni bila kuyaelewa. Mwaka 1969 Sherry Arnstein wa Marekani alieleza ushiriki wa wananchi kama ngazi yenye vipandio vinane. Chini kabisa watu wanatumiwa tu ili waonekane wameshiriki. Juu kabisa wao wenyewe ndio wenye usukani. Chuoni niliikariri ngazi hiyo kwa ajili ya mtihani. Sasa niliisoma nikitafuta tulipo, nikatukuta kwenye kipandio cha tano, kile cha kutuliza, ambapo maskini wachache wanaoaminika kuwa na adabu huteuliwa kwenye vikao huku wenye madaraka wakibaki na uwezo wa kuwapita kwa kura. Nikakumbuka ile robo saa ya kutafuta “waelewa” na nikaona aibu kidogo.

Suala la idadi huonekana dogo hadi siku ya kupiga kura. Kwa uzoefu wangu, wawili kati ya tisa hawawezi kuzuia jambo lolote. Wanachoweza ni kushuhudia. Marekani ina mifano miwili ya kisheria ambayo nimeitumia sana kwenye mabishano. Sheria ya kupambana na umaskini ya mwaka 1964 ilitaka maskini washiriki kwa kiwango kikubwa iwezekanavyo, na baadaye bodi za mashirika yaliyotokana nayo zikawekewa sharti kwamba angalau theluthi moja ya wajumbe wawakilishe watu wa kipato cha chini. Vituo vya afya vya jamii vinavyopata ruzuku ya serikali kuu vimewekewa sharti kali zaidi: angalau asilimia 51 ya wajumbe wa bodi wawe wagonjwa wanaotibiwa kwenye vituo hivyohivyo. Ufaransa ilifuata njia nyingine, na kwa sheria ya Januari 2002 iliunda mabaraza ya wakazi na familia zao katika vituo vya huduma za jamii, mabaraza ambayo hutoa maoni bila kuwa na neno la mwisho. Siamini kwamba idadi peke yake inatosha, lakini nimeona tofauti ya jinsi mkurugenzi anavyoandaa hoja anapojua kuwa inaweza kukataliwa. Anaipeleka mapema, anaieleza kwa lugha rahisi, na kabla ya kikao anakwenda kuwauliza watu wanaonaje.

Tulibishana kwa miezi saba, kisha tukabadilisha mgao ukawa watano kwa wanne. Viti vitatu vilitoka upande wetu, na kimoja kilikuwa changu. Nikabaki katibu asiye na kura. Wajumbe watano walichaguliwa na wateja wenyewe, katika mkutano ambao wafanyakazi tulitakiwa kuondoka wakati wa kuhesabu kura. Walipewa kikao cha maandalizi siku tatu kabla ya kila kikao cha kamati, wakiwa peke yao, na ajenda ya kwanza ikawa yao daima, kwa kuwa tulikwisha kugundua kwamba mambo ya wateja yalikuwa yakiwekwa chini ya “mengineyo”, pale ambapo watu wameanza kukusanya mikoba.

Hoja yao ya kwanza ilihusu tundu. Dirisha letu la mapokezi lilikuwa la kioo, na tundu la kuzungumzia lilikuwa limekatwa chini, karibu usawa wa kifua, kwa sababu ndani sakafu ilikuwa imeinuliwa na mhudumu alikuwa ameketi. Mtu aliyesimama nje ilimbidi ainame ili asikike. Ameinama, nyuma yake kuna foleni, pembeni kuna benchi la mbao wanakosubiri wengine, naye anaeleza kwa sauti ya kupita kwenye kioo kwamba amefukuzwa nyumbani au hana cha kuwapa watoto. Nilikuwa nimekaa ndani ya kioo hicho miaka miwili na kupita mbele yake kwa miaka sita mingine. Kila mwaka tuligawa dodoso lililouliza kama mapokezi ni mazuri, ya wastani au mabaya, na kila mwaka yalikuwa ya wastani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fundi alikuja akakata tundu jipya juu zaidi kwa nusu siku. Hoja yao ilikuwa na sehemu ya pili, kwamba benchi lisogezwe mbali ili anayesubiri asisikie ya anayezungumza, na hiyo niliiandika kwenye mambo ya kufuatiliwa, kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu na palikuwa na makabati ya majalada ambayo hayakuwa na pa kwenda.

Mambo mengine yalikwenda haraka kuliko nilivyodhani. Fedha zilizotengwa kwa ajili ya gari jipya zilihamishiwa kwenye kufungua ofisi jioni mara mbili kwa wiki, na waliopoteza gari tulinuna kwa muda kisha tukazoea. Sanduku la maoni, ambalo funguo zake zilikaa kwa meneja aliyekuwa akilalamikiwa, lilikabidhiwa wajumbe wawili wa wateja wakalifungua mbele ya watu kila mwisho wa mwezi.

Jambo moja lilitusumbua kwa karibu mwaka, na ndilo ninalolieleza kwa uangalifu zaidi kwa sababu sikuwa nimeandaliwa kwalo. Katika mkutano wa wateja wote ilipitishwa, kwa wingi mkubwa wa kura, kwamba watu wanaotumia dawa za kulevya wasipewe tena nafasi katika makazi ya muda. Wenye watoto walikuwa na sababu zao, na hazikuwa za uongo. Palikuwa na wizi, palikuwa na usiku mmoja wa vurugu. Mimi niliyekuwa nimehubiri kwa miaka kwamba wateja wasikilizwe, nikajikuta natamani nisiwasikilize. Wenzangu waliopinga mabadiliko tangu mwanzo walikuja ofisini kwangu mmoja mmoja wakiwa na nyuso za watu waliosema lakini hawakusikilizwa.

Kwanza nilitaka kuibatilisha kura. Mwenyekiti wa kamati, ambaye wakati huo alikuwa mteja, akanizuia kwa swali ambalo lilinifungua macho: katika mkutano ule, wale wanaozungumziwa walikuwa wangapi? Tukapitia orodha ya mahudhurio. Hakuwapo hata mmoja. Mkutano ulitangazwa kwa karatasi iliyobandikwa kwenye ukumbi wa makazi, na wao walikuwa wakilala kwenye jengo la nyuma na kuingia kwa mlango mwingine. Tulipoendelea kuchunguza orodha tukaona kwamba hakuwapo pia kiziwi hata mmoja, ingawa tulikuwa na wateja wanne viziwi, wala mtu yeyote wa kiti cha magurudumu, maana ukumbi ulikuwa ghorofani. Asiyekuwepo na lake halipo, na sisi tuliuita ule mkutano wa wateja wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unazitaka nchi ziwashirikishe kwa karibu watu wenye ulemavu, wakiwamo watoto, katika maamuzi yanayowahusu, na nakala yake ilikuwa imefungwa kwenye fremu ukutani, ghorofani huko huko.

Mkutano ulirudiwa chini, wakati wa jioni, ukiwa na mkalimani wa lugha ya alama, na wajumbe wawili wakapita jengo la nyuma chumba kwa chumba. Kijana mmoja anayetumia dawa alisimama akazungumza kwa dakika chache, macho yake yakiwa kwenye sakafu. Hakuomba ahurumiwe. Alisema wizi ule anaujua aliyeufanya na hakuwa wa jengo lao, kisha akapendekeza wao wenyewe wawe na zamu ya usiku kwenye ngazi. Kura ya pili haikuwa ushindi mkubwa kwa yeyote: marufuku iliondolewa kwa tofauti ndogo, ikawekwa zamu, na familia mbili ziliomba kuhamishwa, nasi tukazihamisha. Baada ya hapo tuliandika katika katiba ya shirika kwamba haki ya mtu kuhudumiwa haipigiwi kura. Kinachopigiwa kura ni namna ya kuhudumia. Wako wanaosema kwamba kifungu hicho kinapunguza demokrasia. Huenda ni kweli, na ningekiandika tena. Wengi walioumizwa pia hujua kuumiza, na shirika linalodhani kwamba mateso humfanya mtu kuwa mwadilifu linawabebesha wateja mzigo ambao halijawahi kuwabebesha wafanyakazi wake.

Uwakilishi una uchovu wake pia. Katika muhula wa pili mjumbe mmoja alianza kupeleka jamaa zake mbele ya foleni, na nilikuwa karibu kumripoti kwa bodi nilipogundua kwamba wateja wenzake wamekwisha kumwita na kumwambia ajiuzulu. Walikuwa wakali kuliko ambavyo tungekuwa sisi. Baadaye waliweka ukomo wa mihula miwili ya mwaka mmoja mmoja, nami nililiona kuwa kosa, kwa kuwa watu walikuwa wakiondoka pale tu wanapoanza kuielewa bajeti. Nilitoa hoja yangu kikaoni kwa maandishi, nikiwa na mifano. Ikashindwa. Nimeendelea kuamini kwamba walikosea, na tangu hapo mafunzo ya kusoma bajeti tukayafanya mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja.

Miezi michache kabla sijaacha kazi, ajenda ya pili ya kikao ilisomeka “Utendaji wa ofisi ya mratibu”. Mjumbe mmoja akaomba utaratibu: akapendekeza kwamba kwa ajenda hiyo katibu atoke nje. Kura ikapigwa, mikono mitano ikainuka, kisha wa sita, wa mjumbe wa bodi ambaye nilidhani ni rafiki yangu. Nikakusanya kalamu na daftari langu la mihutasari, mtu akaniambia daftari niliache, nikaliacha.

Ofisi yangu ilikuwa imefungwa na funguo zilikuwa kwenye koti nililoliacha kikaoni, kwa hiyo nikaenda kuketi kwenye benchi la mapokezi. Nilikuwa sijawahi kulikalia zaidi ya dakika mbili tatu. Ni jembamba kuliko linavyoonekana, na ukiegemea nyuma, mbao mbili hukubana mgongoni. Hakuna aliyeniambia nitasubiri kwa muda gani. Dirishani alikuwa amesimama mwanamume mmoja mwenye begi la shuleni mkononi, begi la mtoto, naye hakuinama, kwa kuwa tundu lilikuwa usawa wa mdomo wake. Alizungumza kwa sauti ya chini sana. Nilimsikia jina lake, na umri wa binti yake, na mahali walipolala siku tatu zilizopita, na kilichofanyika huko; nilitazama pembeni, nikatazama sakafu, na bado niliyasikia yote. Makabati ya majalada yalikuwa palepale yalipokuwa miaka miwili kabla. Mhudumu akaniona, akanitolea ishara kwamba anakuja, nikamwashiria kwamba asiache anachokifanya. Zilipita dakika 40 ndipo mlango wa kikao ukafunguliwa, na yule bibi wa makamo, ambaye muhula wake ulikwisha zamani na siku hiyo alikuwa amealikwa kutoa ushahidi, akachungulia na kuniambia niingie, wamemaliza.